Kiumbe Chochote Kinachofungiwa

Hapo zamani, ila si za kale sana, maana baadhi ya wahusika bado wanachukua posho, palikuwa na nchi ambayo jina lake sitalitaja. Si kwamba naogopa. Sheria ya nchi hiyo inamtaka anayelitaja awe na kibali, na kibali hutolewa Jumanne, na Jumanne ofisi hufungwa kwa ajili ya usafi. Tuiache hivyo. Ilikuwa nchi tulivu, hilo naweza kulisema bila kibali. Redio iliusifu utulivu wake asubuhi na mchana, na jioni ikasoma majina ya watu waliokamatwa kwa kutotulia.

Kiongozi wa nchi aliitwa Mlezi Mkuu, na Ikulu kwake kulikuwa na chatu. Alikuwa zawadi ya taifa rafiki, na kwa kuwa zawadi ya taifa haiwezi kuwa mnyama hivi hivi, alipewa cheo cha Mstahiki na nafasi katika itifaki, nyuma ya mawaziri na mbele ya majaji. Majaji hawakulalamika. Kila mgeni aliyefika alivishwa Mstahiki shingoni akapigwa picha, na mgeni alipoanza kutoka jasho Mlezi Mkuu alicheka, akasema, "Mwone alivyotulia. Ndivyo walivyo wananchi wangu."

Lakini hadithi yangu si ya Mlezi Mkuu, Mungu apishe mbali. Ni ya Bi Tunu, mtunza nyoka katika bustani ya nyoka ya mkoa kwa miaka kumi na tisa. Mwanamke mfupi, mikono mikavu, maneno machache, maana kazi aliyoifanya haikuhitaji mazungumzo. Maneno ya nyumba ile alikuwa nayo mumewe, Mwalimu Kasembe, na mumewe alikuwa gerezani mwezi wa kumi na nne. Kosa lake lilitendeka uwanjani. Mlezi Mkuu akiwa katika saa ya nne ya hotuba, Mwalimu alijigeuza kwenye benchi mara tatu. Alikuwa na jipu kalioni. Cheti cha daktari kilipelekwa mahakamani, hakimu akakisoma mpaka mwisho, akasema kwa huruma kwamba jipu nalo lilikuwa na wajibu wa kusubiri. Mwalimu akahukumiwa kukaa ndani mpaka utakapotungwa utaratibu wa kumtoa, na kamati ya kuutunga utaratibu huo haikuwa imeteuliwa.

Kwa hiyo Bi Tunu alikuwa na haja moja tu duniani, mumewe arudi nyumbani. Alikwenda ofisi hii na ile, akaambiwa njoo kesho mpaka kesho zenyewe zikamchoka. Alipiga magoti kwa watu ambao hakuwa tayari hata kuwaamkia. Wapi.

*

Ndipo ikaja barua. Serikali ile ilishazoea barua za kutoka ng'ambo zinazouliza habari za wafungwa. Zilirundikwa kwenye chumba kimoja, na makarani walizikalia wakati wa chai. Hii ilikuwa tofauti. Ilitoka kwa chama cha wapenda wanyama, na iliuliza habari za chatu. Mtu mmoja, kwa darubini yake huko huko aliko, alikuwa ameona kwenye picha kwamba pua ya Mstahiki imechubuka. Wajumbe wangekuja baada ya wiki tatu kumtazama. Wakikuta ananyanyaswa, Mlezi Mkuu hataalikwa tena kwenye karamu za mataifa.

Baraza la mawaziri lilikaa siku mbili bila kulala. Barua mia nne za wafungwa hazikuwahi kumkosesha mtu hata usingizi wa mchana, lakini pua ya nyoka iliwatoa watu wazima machozi. Mwishowe Waziri wa Utulivu, Mheshimiwa Kishindo, mtu aliyezungumza kama yuko mbele ya kipaza sauti hata akiomba chumvi, akaagiza atafutwe mjuzi wa nyoka. Wakamleta Bi Tunu kwa gari la polisi. Jirani zake wakafunga madirisha, kama ilivyokuwa desturi ya ujirani mwema.

Mstahiki alikuwa kwenye sanduku la kioo, ukumbi wa mapokezi, kati ya saa kubwa na picha ya Mlezi Mkuu. Bi Tunu akampima kwa macho. Chatu wa mita nne kwenye sanduku la mita moja na nusu. Amejikunja kwa sababu hana namna nyingine ya kukaa. Hana pa kujificha, hana joto, taa kali usiku kucha, na pua yake ilikuwa nyekundu kwa kusukuma kioo.

"Unaona alivyotulia?" akasema Mheshimiwa Kishindo. "Anatupenda mno."

"Mheshimiwa, nyoka hapendi mtu. Huyu ametulia kwa sababu ana baridi na hana pa kwenda."

Waziri akatabasamu kama mtu anayemsamehe mtoto. "Mama, mimi nina shahada ya utulivu. Lakini sema unachotaka kusema, maana wageni nao watasema."

"Na mume wangu, Mheshimiwa. Mwalimu Kasembe. Nilikuwa nataka—"

"Tuzungumze mambo mazito kwanza," akasema waziri, akampa karatasi.

*

Bi Tunu akaandika sheria ya kwanza na ya mwisho maishani mwake, akiwa ameketi kwenye kiti cha wageni huku kofia za walinzi zikimtazama. Aliandika yale aliyoyafanya kila siku kwenye bustani. Kwamba nyoka apewe nafasi ya kujinyoosha urefu wake wote na zaidi. Apewe maficho ambamo jicho la mtu halimfuati, na upande wa joto na upande wa ubaridi, achague mwenyewe. Maji safi. Asishikwe macho yake yanapoingia ukungu, kwa kuwa hapo anajiandaa kujivua gamba na haoni vizuri, wala asishikwe akiwa ameshiba. Asilazimishwe kula, na asiadhibiwe kwa kukataa.

Waziri alisoma akitikisa kichwa. "Mambo mengi haya. Hatuwezi kumwachia porini kabla hawajafika, tukasema ameamua kustaafu?"

Hapo Bi Tunu akapandwa na hasira, yeye aliyekuwa hapandwi. "Mtamuua. Huyu ameletewa sungura mdomoni miaka sita. Hajui kuwinda, hajui kujificha. Ataingia kwenye mabanda ya kuku ya watu, watampiga mapanga mchana kweupe. Ukishamfungia kiumbe muda wote huo umejifunga naye, Mheshimiwa, huwezi tena kumwambia nenda." Akaandika kwa mkono wake kifungu cha saba, kwamba aliyefungiwa zaidi ya miezi sita asiachiliwe kamwe. Kisha, kwa matumaini ya kumchukua chatu yule siku moja amtunze mwenyewe, akaongeza cha nane, kwamba raia mwenye ujuzi anaweza kupewa kibali cha kumfuga nyumbani, chini ya ukaguzi.

Waziri akatoa kalamu nyekundu. Neno "nyoka" lilikuwa haramu kwenye nyaraka za serikali, kwa vile magazeti ya waliokimbilia nje yalikuwa na mazoea ya kuliita baraza lote hivyo. Akalifuta kila lilipotokea. Juu yake akaandika, kwa mwandiko mzuri wa shule, "kiumbe chochote kinachofungiwa."

Bi Tunu aliona. Akainamisha uso kama anayetafuta kandambili yake. Mdomo akaufunga.

Bunge lilipitisha sheria kwa dakika kumi na moja. Dakika kumi zilikuwa za kumshukuru Mlezi Mkuu. Mlezi Mkuu akaitia saini mbele ya kamera, na katika nchi ile jambo lililotiwa saini na Mlezi Mkuu haliwezi kuwa na kosa. Likionekana lina kosa, macho ndiyo hupelekwa hospitali.

*

Asubuhi iliyofuata Bi Tunu alifika gereza kuu na gazeti la serikali mkono mmoja, na futi ya fundi mkono wa pili.

Mkuu wa gereza, Afande Mbelwa, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa karatasi. Ungemletea karatasi inayosema maji yapande mlima, angeyaamuru yapande, na yasipopanda angeyaweka kizuizini. Alisoma sheria mara mbili, akatazama saini, akasimama wima.

"Mama, mumeo ni kiumbe?"

"Ni kiumbe, afande."

"Amefungiwa?"

"Hilo unalijua wewe kuliko mimi."

Wakampima Mwalimu Kasembe. Mita moja na sentimita sabini na mbili, mbavu zinahesabika. Chumba chake kilikuwa na wanaume kumi na wanne waliolala ubavu ubavu, wakigeuka kwa filimbi, wote kwa pamoja, maana mmoja hakuweza kugeuka peke yake. Maficho hakuna. Upande wa joto ulikuwepo, wa ubaridi haukuwepo. Na Mwalimu, aliposikia mkewe anasoma kwa sauti kwamba asilazimishwe kula, akacheka mpaka akakohoa. "Wamtafute kwanza wa kuniletea chakula," alisema, "halafu wamtafute na huyo wa kunilazimisha."

Afande Mbelwa akapiga hesabu. Kuwatendea wafungwa wote kama alivyotendewa chatu kungehitaji magereza arobaini mapya, na wageni walikuwa wamebakiza siku tisa. Akampigia simu waziri. Waziri akaja mbio, soksi moja ikiwa imemshuka, akasoma kile alichokiandika mwenyewe kwa kalamu nyekundu, akaketi kitako kwenye ngazi.

"Tufute neno," akasema.

"Sheria ina saini," akasema Afande Mbelwa.

Wote watatu wakatazama saini kwa heshima.

"Basi mwachieni," akasema Bi Tunu. Alikuwa amengoja siku hii mwaka na miezi miwili, na sasa aliiona hii hapa, ameikamata mkia. "Mkiwa hamwezi kumpa haki za chatu, mwachieni mume wangu aende kwake."

Waziri akafunua ukurasa. Akasoma. Rangi ikamrudi usoni taratibu.

"Haiwezekani, mama. Kifungu cha saba. Kiumbe aliyefungiwa zaidi ya miezi sita asiachiliwe kamwe." Akainua macho, na ajabu ni kwamba hakuwa anamkebehi, alikuwa anauliza kwa dhati. "Kifungu kizuri sana hiki. Nani aliandika?"

Bi Tunu, futi ya fundi bado imemning'inia begani, alimtazama mumewe upande wa pili wa nondo. Mwalimu alikuwa ameshaelewa, yeye mwepesi siku zote, na alitikisa kichwa polepole kumwambia usilie hapa, usiwape hicho.

Hakulia. Alifunua ukurasa mwingine. "Kifungu cha nane," akasema. "Raia mwenye ujuzi. Nina miaka kumi na tisa ya ujuzi. Nipeni kibali nimfuge mimi."

Kisha Mheshimiwa Kishindo akasimama, akavuta soksi yake, na machoni mwake ukaonekana mwanga ambao Bi Tunu aliuelewa baadaye sana. Yule bwana alikuwa ameona mbali kuliko wote. Ndiyo maana alikuwa waziri na sisi wengine tunasimulia hadithi.

*

Mwalimu Kasembe akarudi nyumbani siku hiyo hiyo, amesainiwa, amepewa namba, amefungwa kitambulisho cha bati kwenye kifundo cha mguu. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, akasema mwenyewe akijitazama. Bi Tunu akampikia ugali na mlenda na samaki mkavu, akakaa anamwangalia anavyokula, na furaha aliyokuwa nayo haina mfano. Mtu mwenye njaa ya miezi kumi na minne haulizi sahani imetoka wapi.

Masharti yalikuwa machache. Chumba chenye dirisha la nondo, komeo kwa nje, maji safi, upande wa jua na upande wa kivuli. Mkaguzi, Bwana Ndimbo, alikuja Jumatatu na Alhamisi. Alimwuliza Bi Tunu maswali yote, na Mwalimu alikuwa ameketi palepale.

"Anakula?"

"Nakula," akasema Mwalimu.

"Nimemwuliza mfugaji," akasema Bwana Ndimbo bila kuinua uso. "Macho yana ukungu?"

"Hapana," akasema Bi Tunu.

"Ametulia?"

"Ametulia."

Sharti la mwisho Bwana Ndimbo alilisoma kila alipokuja, akiwa ameshika mlango, kwa adabu kubwa: kiumbe akitoroka, mfugaji ataingia mahali pake.

Wajumbe wa ng'ambo wakaja. Mstahiki alikuwa amehamishiwa ukumbi wa karamu, kajengewa pango la mawe, miti, dimbwi na taa ya joto. Kwa mara ya kwanza kwa miaka sita alinyooka wote, na alipokwisha kunyooka akaanza kuzunguka kuta, pole pole, akiipapasa kila kona kwa ulimi. "Anafurahia," akasema waziri. Bi Tunu alikuwepo, na alijua chatu anafanya nini. Anatafuta mlango. Hata hivyo hakuulizwa, na hata angeulizwa asingesema, maana mumewe yuko nyumbani kwa kibali cha waziri. Wajumbe waliandika kwamba hawajapata kuona kiumbe anayetunzwa kwa upendo namna ile. Mmoja wao, kijana mwenye aibu, akauliza kama wanaweza pia kuona gereza.

Wakapelekwa. Lilikuwa tupu, limepigwa chokaa.

Maana wake za wafungwa walikuwa wamesikia. Siku ya pili tu foleni ya vibali ilitoka wizarani ikazunguka soko. Kila mwanamke alipewa mwanamume wake na komeo lake. Mama wakachukua wana wao, binti wakachukua baba zao. Serikali haikulisha tena mfungwa hata mmoja wala haikulipa askari wa kumlinda. Redio ikatangaza kwamba nchi haina mfungwa, na Mlezi Mkuu akavishwa nishani ng'ambo, katika karamu, akalia mbele ya watu.

*

Miezi ikapita. Mwalimu akanenepa mashavu. Siku moja, saa nne asubuhi, alisema anataka kwenda shuleni kuwasalimia wanafunzi wake, mara moja tu, Bwana Ndimbo hatakuja mpaka Alhamisi.

"Na usiporudi?"

"Nisirudi niende wapi, mama Zawena?" akasema, akimwita kwa jina la binti yao aliyekwisha kuolewa.

"Mtu akikuona?"

"Akiniona ataniamkia."

Bi Tunu akaweka chini kisu cha mboga. Hakujua hasira ile ilikuwa inakaa wapi siku zote. "Nani anakupiga humu? Nani anakunyima maji? Una jua, una kivuli, ukikataa kula sikulazimishi. Nimejidhalilisha kwa kila mwenye meza nchi hii ili uje ulale kitanda chako, leo unataka kunipeleka ndani kwa hamu ya watoto wa watu?"

"Yote hayo ni kweli," akasema Mwalimu. "Ndivyo ulivyokuwa ukisema habari za nyoka wako."

"Na nilikuwa nawatunza vizuri."

"Ulikuwa unawatunza vizuri sana. Mimi mwenyewe nilikuwa nakusifu." "Hivi uliwahi kuwauliza?"

"Nyoka haulizwi, baba Zawena. Nyoka anatunzwa."

Mwalimu alikwenda upande wa kivuli akaketi na mikono mapajani. Tangu siku ile maneno yalimpungua, na Bi Tunu, Mungu amsamehe, aliona nafuu, kwa sababu mtu asiye na maneno hapandishi mtu presha.

Alhamisi moja Bwana Ndimbo alikuja na barua, akaisoma mlangoni. Serikali imeridhika. Wafugaji wameonyesha uaminifu wa hali ya juu, na kwa hiyo ukaguzi unafutwa kuanzia leo. Hakuna atakayekuja tena. Akarudisha kalamu mfukoni, akawatakia siku njema, akaenda zake, na kwa kweli hakuonekana tena mtaa ule.

Mwalimu Kasembe alikuwa amesikia. Akainama chini ya kitanda, akatoa viatu vyake vya shule, akavipuliza vumbi, akavivaa, akafunga kamba vizuri. Akasimama. Mlango ulikuwa wazi, na yeye alikuwa anamtazama mkewe, si mlango.

Bi Tunu alikuwa na barua mkononi. Aliisoma tena, neno kwa neno, mtu wa vifungu sasa. Wamefuta ukaguzi. Hawajasema wamefuta sharti. Na kama huu ni mtego? Na kama kuna jirani nyuma ya dirisha amekwisha kuandika? Leo ataenda shuleni, kesho ataenda wapi, na mdomo ule wake, na jipu lile, na uwanja ule. Huko nje watamuua. Miezi yote hii ndani, hajui tena hata jinsi ya kujichunga.

"Vua viatu, baba Zawena," akasema kwa upole. "Nakwenda sokoni, nitakuletea samaki."

Alingoja mpaka alipovivua. Kisha akatoka, akauvuta mlango, akasukuma komeo, akalijaribu mara mbili kama lina uimara wake.

Uchochoroni akakutana na jirani yake, mama Sikuzani, anatoka kufunga kwake, kapu mkononi na ufunguo shingoni.

"Wako hajambo?"

"Hajambo, mwenzangu. Anakula vizuri. Wako?"

"Alikuwa na kelele kidogo mwezi uliopita," akasema mama Sikuzani. "Sasa ametulia."